Nimeelewa kila kitu, mbona koo bado linanikaba?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na kazi, na kwa macho ya watu sina neno. Shida yangu ni hii: mtu akinipandishia sauti, au akininyamazia tu, koo linanikaba. Maneno yanaishia shingoni. Kisha nasikia mdomo wangu ukisema "hamna shida", hata pale ambapo shida ipo tena kubwa. Kazini nimebebeshwa majukumu ya wenzangu kwa "hamna shida" hiyo hiyo. Nyumbani mke wangu husema tunakaa naye meza moja lakini mimi sipo.

Nilikaa muda mrefu na mnasihi wa kwanza, tukizungumza. Alinisaidia kuelewa mengi. Chanzo nakijua: baba yangu hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Akikasirika alinyamaza, na ukimya wake ungeweza kudumu siku kadhaa, sisi watoto tukitembea kwa kunyata. Habari hiyo naweza kukueleza mwanzo hadi mwisho bila kusita. Lakini bosi akikunja uso, koo linakaba vilevile.

Nikahamia kwa mnasihi mwingine, mwanamke, ambaye anasema anafanya kazi na mwili na uhusiano kwa pamoja. Kila mara ananikatiza: "Hapo ulipo, unahisi nini mwilini?" Namjibu sihisi kitu, na ndivyo ilivyo. Najiona mjinga. Siku moja aliniomba nifumbe macho nivute pumzi ndefu. Moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, nami nikamwambia niko sawa.

Kilichonimaliza ni kikao cha mwisho. Nilikuwa namweleza ukimya wa baba, kwa mara ya kwanza sauti ikinitetemeka, nikamwona anatupia jicho saa ya ukutani. Kifua kikajifunga. Nikaikatisha habari, nikamwambia hamna shida, nikaaga. Tangu hapo naahirisha vikao. Najua ni jambo dogo, ndiyo maana hata kuliandika naona haya.

Naomba unijibu waziwazi. Tiba hii ya mwili inambadilisha mtu kweli au ni mtindo tu? Kama inabadilisha, inabadilishaje? Na je, nirudi kwake au nitafute mwingine?

Ni mimi,
Aliyekabwa Koo

*

Marahaba, ndugu yangu.

Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye haraka. Rudi kwake, walau kwa kikao kimoja, na ulipeleke hilo jambo la saa. Usiliite dogo. Katika barua yako yote, hilo ndilo lililo karibu kabisa na kinachokusumbua: mtu unayemtegemea amegeuza macho, kifua kimejifunga, "hamna shida" imetoka, nawe umejiondoa. Habari za baba ungeweza kuzisimulia miaka mingine mingi. Siku ile hukuwa unasimulia tena. Ilikuwa inatokea pale pale, ikiwa mbichi, mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kukusaidia nayo.

Sasa nikueleze kwa nini kuelewa hakukutosha. Ulichokipata kwa mnasihi wa kwanza hakikwenda bure, ila kimehifadhiwa mahali tofauti na pale linapokaa hilo koo. Simulizi ya maisha yako ni kumbukumbu ya maneno. Kukaba kwa koo ni kumbukumbu ya vitendo, ya aina ile inayoviwezesha vidole kufunga vifungo vya shati huku akili iko kwingine. Mtoto mdogo akiona uso wa baba umeganda hakai akatafakari. Anabana pumzi, anavuta tumbo ndani, anapunguza sauti, anasubiri. Njia hiyo ikimwepusha na kishindo mara nyingi, mwili unaishika ikawa utaratibu wa tayari. Leo bosi anakunja uso: pumzi inasimama nusu njia, taya linakaza, misuli inayozunguka koromeo inakaza, sauti inakosa hewa ya kuisukuma, na jibu fupi kuliko yote ndilo linalotoka. Yote hayo ni suala la sekunde moja au mbili. Ule uelewa wako kuhusu baba unafika baadaye, ukikuta "hamna shida" imeshasemwa.

Hata watafiti waliligundua hili mapema. Eugene Gendlin, aliyefanya kazi na mwanasaikolojia Carl Rogers katika Chuo Kikuu cha Chicago, alisikiliza pamoja na wenzake rekodi za vikao vya tiba wakitaka kujua kwa nini baadhi ya watu hubadilika na wengine hawabadiliki. Waligundua kwamba mengi yalitegemea namna mtu mwenyewe alivyokuwa akizungumza tangu vikao vya mwanzo. Waliofaidika walikuwa na tabia ya kusita. Walianza sentensi, wakaiacha, wakasema "hapana, si hivyo… kuna kitu hapa…", kisha wakapata neno lililokaa sawasawa. Walioeleza mambo yao kwa ufasaha bila kusita, kama wewe unavyoweza kueleza ya baba bila kukosea, mara nyingi walibaki pale pale. Kwa hiyo huyo mnasihi wako anapokukatiza hakudharau. Anakutengenezea ule msito ambao ufasaha wako unauruka.

Na msito huo una msingi wake mwilini. Neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi moyoni, mapafuni na tumboni, hubeba zaidi habari za kupanda kuliko amri za kushuka; inakadiriwa kwamba nyuzi zake nne katika kila tano hupeleka taarifa kutoka viungo vya ndani kwenda kwenye ubongo. Ubongo unausoma mwili muda wote ili kuamua kama mahali hapa pana usalama. Ndiyo maana mtu anaweza kujiambia "bosi si baba" kutwa nzima na asitulie, kwa sababu pumzi iliyobanwa inapeleka habari nyingine.

Kuhusu mtindo: wazo hili si la juzi. Wilhelm Reich aliandika tangu miaka ya 1930 kwamba namna mtu anavyojilinda hukaa pia kwenye misuli yake, ingawa baadaye aliingia katika madai ambayo sayansi haikuyakubali. Katika miaka ya 1970 Ron Kurtz, huko Marekani, alianzisha njia ya kufanya majaribio madogo ya mwili ndani ya kikao, na Peter Levine akajenga yake kwa watu walioumizwa na matukio makubwa. Kwa upande wa ushahidi, sitakupamba. Kinachojulikana kwa uhakika zaidi, kwa utafiti wa miaka mingi na wa aina nyingi za tiba, ni kwamba ubora wa uhusiano kati ya mnasihi na anayetibiwa huenda sambamba na matokeo. Njia za mwili zenyewe zina tafiti chache zaidi. Kama una kiwewe kizito, cha ajali, vita au kubakwa, chenye majinamizi na kumbukumbu zinazokuvamia mchana, zipo tiba zilizopimwa zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 ulitaja tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, na ile ya kusogeza macho huku mtu akikumbuka. Hali uliyoieleza wewe ni ya tabia ya uhusiano iliyojengeka utotoni, na hapo njia ya mnasihi wako inafaa.

Utasikia pia watu wakichora ngazi ya hatua za mfumo wa neva, kutoka utulivu hadi kuzimika, kwa kufuata nadharia ya Stephen Porges ya mwaka 1994. Ichukue kama ramani ya kusaidia kuzungumza, basi. Sehemu zake za anatomia na mageuzi ya viumbe zinapingwa na wanasayansi wengine, na kikao hakihitaji nadharia hiyo iwe kweli ili kikufae.

Kwa nini lakini umhitaji mtu mwingine, usikae tu nyumbani ukausikiliza mwili wako mwenyewe? Kwa sababu utaratibu huu uliujifunza mbele ya mtu, na mbele ya mtu ndipo unapoamka. Mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake walichapisha jaribio ambalo mama alicheza na mtoto mchanga wa miezi michache, kisha akaombwa amtazame kwa uso usiobadilika, bila kutabasamu wala kusema, kwa dakika chache. Mtoto alijaribu kumrudisha: alitabasamu, alimtupia macho. Aliposhindwa aligeuza uso na mwili ukalegea. Ukiisoma barua yako tena utamwona mtoto huyo. Jambo ambalo watu husahau kuhusu kazi za Tronick ni kwamba hata mama na mtoto walio wazima kabisa huwa hawapatani muda mwingi. Mmoja anataka kucheza, mwingine kachoka, wanapishana. Kinachomjenga mtoto ni kule kupishana na kurudiana, mara kwa mara, mpaka mwili unazoea kwamba aliyegeuka anaweza kurudi. Kwenu baba alipogeuka, hakuna aliyerudi kusema neno. Siku zikapita, ikaisha yenyewe, na hamkujua imeishaje.

Kwa hiyo mnasihi asiyewahi kukosea asingekufaa sana. Unahitaji anayepishana nawe kidogo, ukamwambia, akabaki.

Jeremy Safran na Christopher Muran, waliochunguza kwa miaka mingi jinsi uhusiano wa tiba unavyopasuka na kuungwa, walitofautisha mipasuko ya aina mbili. Ipo ya makabiliano, mtu anapolalamika au kugomba. Ipo ya kujiondoa: mtu anakubali haraka, anabadilisha mada, anatabasamu huku amekwisha kuondoka. Ya pili ndiyo hatari zaidi kwa sababu haionekani. Mnasihi wako huenda hadi leo anadhani kikao kilikwenda vizuri.

Ufanye hivi. Sema ukishakaa tu, ndani ya dakika tano za kwanza. Watu huiacha sentensi ya namna hii hadi wameshika kitasa cha mlango, na hapo haiwezi kushughulikiwa tena. Iandike kwenye karatasi ukitaka, na uisome, si aibu. Iwe na vitu vitatu tu: alichofanya, kilichotokea mwilini mwako, ulichofanya wewe. "Kikao kilichopita, nilipokuwa naeleza ukimya wa baba, ulitazama saa. Kifua changu kikajifunga. Nikasema hamna shida, lakini ilikuwepo." Usiongeze "najua ni jambo dogo". Usimtetee kabla hajajibu. Ukianza kumtetea, ule utaratibu wa zamani umeshashika usukani.

Utakapokuwa unaisema, huenda kicheko kikakuponyoka, macho yakatafuta sakafu, mdomo ukakauka, au ghafla ukaona jambo lenyewe halina maana. Hizo ndizo dalili za mwili zilizokuwa zikitafutwa kila ulipojibu "sihisi kitu". Zitaje kama zinavyokuja: "Sasa hivi nataka kucheka," "koo limeanza." Huna haja ya kuzieleza chanzo.

Mnasihi aliyekomaa atakaa na jambo lako kwanza. Anaweza kukiri kwamba alitazama saa na akakwambia sababu kwa ufupi, lakini atarudi upesi kwako: ilikuwaje, kilijifunga wapi, ulitamani afanye nini. Hatakimbilia kusema "naona unanigeuza kuwa baba yako". Hata kama ni kweli, kusema hivyo mapema kunamwondoa yeye kwenye kosa na kukurudishia wewe mzigo. Akijitetea kwa muda mrefu, au akakasirika, au akanyamaza kwa namna inayokuadhibu, umepata habari muhimu kuhusu yeye.

Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Akikupokea vizuri, usiseme "asante, tuendelee". Simama hapo. Mtazame uso kwa sekunde kumi hivi, kadiri unavyoweza kustahimili. Angalia mwili unafanya nini baada ya kusema jambo gumu na mtu akabaki pale: labda mabega yanashuka, labda pumzi inashuka hadi tumboni, labda machozi, labda shaka kwamba anaigiza. Mwili hujifunza kwa kutofautisha ulichotarajia na kilichotokea. Koo lako lilitarajia ukimya; umekuja uso unaosikiliza. Tofauti hiyo ikipita haraka bila kuhisiwa, utatoka na habari nyingine nzuri ya kusimulia, na koo halitakuwa na habari.

Kuna kazi ya maabara inayowapa wataalamu matumaini hapa. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu inapoamshwa huwa laini kwa muda na huhitaji kuhifadhiwa upya. Kwa binadamu matokeo yamekuwa mchanganyiko, kwa hiyo mtu akikuahidi kufuta kumbukumbu yako kwa njia hiyo, kaa mbali naye. Kinachofanyika vikaoni ni cha polepole kuliko hivyo: uzoefu mpya unawekwa kando ya ule wa zamani, unarudiwa, mpaka unakuwa na nguvu ya kuwahi kufika.

Ngoja sasa nizungumzie "sihisi kitu", maana imekunyima raha bila sababu. Hilo ni jibu kamili. Mtoto aliyelazimika kujizima ili asimsumbue baba hujifunza pia kuzima habari za mwili, na ganzi yako ni sehemu ya utaratibu ule ule. Swali "unahisi nini" kwako ni pana mno. Mwombe akuulize kwa ufinyu: joto au baridi? Kizito au chepesi? Kimebana au kimelegea? Kinatulia au kinatikisika? Kina mpaka au kimetapakaa? Na usianzie kifuani wala kooni, anzia pembezoni. Nyayo zinagusa sakafu kwa wapi zaidi, kisigino au vidole? Mgongo umeegemea kiti au unajishika wenyewe?

Zoezi moja la kufanya nyumbani, mara moja kwa siku, lisizidi dakika tatu. Kaa, macho wazi. Kunja ngumi ya mkono wa kulia kwa nguvu ya wastani, hesabu hadi tano, achia polepole. Sasa linganisha mikono miwili. Wa kulia utaonekana na joto zaidi, au una mchomo mdogo, au umekuwa mkubwa. Mwili hutambua tofauti kwa urahisi kuliko hali tupu, ndiyo maana zoezi hili huwafungulia njia hata wanaosema hawahisi kitu. Baada ya wiki moja fanya hivyo na mabega: yapandishe hadi karibu na masikio, achia, sikiliza. Taya lifuate. Koo liwe la mwisho kabisa, na ulifikie ukiwa na mnasihi.

Ile siku ya kufumba macho ilikwenda kombo kwa sababu inayoeleweka. Mtu mwenye wasiwasi akiambiwa avute pumzi ndefu huvuta nyingi na za haraka. Kabonidayoksaidi katika damu inapungua, na matokeo yake ni vidole na midomo kufa ganzi, kichwa kuwa chepesi, moyo kwenda mbio. Haukuwa udhaifu wako, na haikuwa siri ya utotoni inayotaka kutoka. Ikitokea tena fungua macho, vuta pumzi ndogo ya kawaida kwa pua, na uitoe taratibu kuliko ulivyoivuta. Hesabu nne kuingiza na sita kutoa inakupa pumzi sita kwa dakika. Moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa pumzi, kwa hiyo nguvu iko huko. Kama hata kuhesabu pumzi kunakutia hofu, achana nako. Geuza shingo polepole, taja vitu vitano unavyoviona chumbani, kanyaga sakafu. Na kikao kijacho mwambie mnasihi ukweli kwamba hukuwa sawa siku ile. Huo nao ni mpasuko wa aina ya pili.

Kipimo ndicho kinachoiharibu au kuiokoa kazi hii. Daniel Siegel, mwaka 1999, alieleza kwamba kila mtu ana eneo la msisimko ambalo ndani yake anaweza kuhisi na kufikiri kwa wakati mmoja. Ukipita juu unafurika: moyo mbio, maneno mengi, kutaka kukimbia. Ukishuka chini unazimika: macho yanaganda, sauti inakuwa bapa, unajitazama kutoka mbali. Huko kote hakuna kinachojifunzwa, hata kama machozi yalimwagika na kikao kikaonekana kikubwa. Mkubaliane kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni utulivu na 10 ni kufurika, na mkubaliane kwamba ukifika 6 mnarudi nyuma. Kurudi nyuma ni kuhamisha umakini kwenye sehemu ya mwili iliyotulia, hata kama ni kidole gumba tu. Mnaligusa jambo gumu kwa nusu dakika, mnarudi mahali patulivu mpaka pumzi ishuke, mnaligusa tena. Anayekusukuma "ukae nalo" ukiwa kwenye 9 anakufundisha kuzimika vizuri zaidi.

Kipande kizuri cha kikao hufanana na hiki. Unasema, "Nilimkubalia tu bosi, hamna shida." Mnasihi ameona kidevu kimeshuka na mkono umefunika tumbo. Anakuomba urudie sentensi ile polepole na uuache mkono ufanye unachotaka. Unauona mkono. Anakuuliza mkono ungekuwa na maneno ungesema nini, linakuja "usinisogelee". Anapendekeza jaribio: yeye asogeze kiti chake nyuma kidogo, na wewe uangalie kinachotokea. Kinasogea, na pumzi inashuka. Anasema taratibu, "Unaruhusiwa kunikatalia," kisha anangoja. Hapo huenda koo likakaba kuliko mwanzo. Hiyo ndiyo habari: mwili hauamini. Mnakaa na kutoamini huko bila kukusukuma uamini. Kipande kizima hakizidi dakika kumi na tano, na kinaweza kurudiwa kwa sura tofauti wiki baada ya wiki.

Angalia mtego mmoja unaowanasa watu wa tabia yako. Ukigundua mnasihi anafurahi unapotaja hisia za mwili, utaanza kumtengenezea. "Nahisi mpira mweusi kifuani", na kumbe hakuna mpira. Utakuwa umemwambia hamna shida kwa lugha mpya. Jibu "sijui" mara nyingi utakavyo.

Nyumbani na kazini usianzie kwa bosi. Anzia mahali ambapo ukikataa hakuna kinachoharibika: mtu anakuuliza ukae kiti gani, mle saa ngapi. Jizoeze kuchelewesha jibu badala ya kulibadilisha. "Ngoja nifikirie, nitakujibu kesho" humpa nafasi mtu ambaye "hapana" bado haijampita kooni. Kabla ya kuisema toa pumzi kwanza, maana sauti husafiri juu ya pumzi inayotoka, na wewe huwa umeibana. Kwa mke wako, usimletee somo la neva. Mwombe dakika kumi jioni moja kwa wiki, umwambie jambo moja ambalo ulilinyamazia wiki hiyo, dogo, na yeye asijibu kwa muda wa pumzi chache. Mwambie pia kwamba ukiganda mezani hujamnunia. Amekuwa akiishi na ukimya ambao huenda kwake unasomeka kama hasira.

Mabadiliko hayaji kwa koo kuacha kukaba ghafla. Kwanza utalitambua jioni, saa nyingi baada ya tukio. Baadaye dakika chache baada ya kusema "hamna shida". Kisha katikati ya neno lenyewe, na hapo ndipo utakapoweza kusema "samahani, narudisha neno langu". Kulitambua kabla ni hatua ya mbele sana, na hata wakati huo litakaba siku ukiwa umechoka au unaumwa. Kinachopungua ni muda wa kurudi hali yako. Kwa kikao kimoja cha dakika hamsini kila wiki, fanyeni tathmini baada ya vikao nane hadi kumi, mkiangalia mambo aliyoyataja Edward Bordin mwaka 1979: je, mnakubaliana lengo, mnakubaliana kazi inayofanywa kulifikia, na kuna kuaminiana? Kama moja limekosekana, litajeni.

Kabla ya yote hayo muone daktari kama hujamwona. Kushindwa kumeza, uvimbe shingoni, sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, au kifua kinachobana unapopanda ngazi, si mambo ya kupeleka kwa mnasihi kwanza. Tindikali inayopanda kutoka tumboni na tezi ya shingo iliyovimba pia zinaweza kuleta hisia ya koo kukabwa, na hazitibiwi kwa mazungumzo.

Ujue pia mipaka yake yeye. Kazi hii inaweza kufanyika yote bila kuguswa hata mara moja. Akitaka kukugusa aombe ruhusa kila mara, aeleze wapi na kwa nini, na akubali kukataliwa bila kukunja uso; wewe hasa, ambaye "ndiyo" hukutoka kabla hujafikiri, una haki ya kumwambia mguso hautakuwepo kabisa. Mguso wa kimapenzi haupo katika tiba, hata ukikubali wewe. Ukitokea, ondoka na utoe taarifa kwa chombo kinachosimamia kazi yake. Na akikwambia koo lako linathibitisha kuna tukio fulani ulifanyiwa na umelisahau, usikubali. Hisia ya mwili inaeleza hali yako ya sasa. Haiwezi kushuhudia tukio la zamani.

Ukishalisema jambo la saa na ukaona hakukupokea, au amekupokea lakini baada ya miezi miwili hivi hakuna kinachosogea, una ruhusa ya kuondoka. Usiondoke kwa kuahirisha. Mwambie wiki moja kabla, mpange kikao kimoja cha kuagana, na ndani yake useme kilichokufaa na ambacho hakikukufaa, yeye akiwa amekaa mbele yako.